Kabla Hujapiga Puti: Mwongozo Kamili wa Hakimiliki na Alama za Biashara kwa Wanaotengeneza Nakala za Magari ya Filamu Dar es Salaam

Mteja huja na simu mkononi. Kabla hata salamu hazijaisha ameshafungua picha: "Fundi, nataka kama hili la kwenye muvi. Rangi hiyohiyo, namba hiyohiyo, na yale maandishi ya ubavuni." Fundi anaikuza picha kwa vidole viwili, anahesabu kimoyomoyo makopo ya puti, mita za faiba na siku za kupiga msasa, halafu anataja bei. Wanakubaliana, advansi inatolewa, kazi inaanza. Swali la mchoro ule ni mali ya nani haliulizwi. Linakuja kuulizwa siku gari limeshakauka rangi na pesa imeshaliwa.

Mimi ni fundi bodi. Nilianzia Keko kwenye faiba za boti na bampa, sasa nina gereji Tegeta, na sehemu kubwa ya kazi zangu ni magari ya maonyesho: ya harusi, ya video za Bongo Fleva, ya sherehe za watoto. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea mteja gari dogo la filamu ya watoto, nakala tupu, hadi namba ya mlangoni. Alilikodisha miezi michache tu. Matangazo yake mtandaoni yakashushwa kwa malalamiko ya hakimiliki, akaunti yake ikafungwa pamoja na wateja wote aliowakusanya humo, na yeye akaja gerejini asubuhi na mapema. "Kaka, wewe ndiye fundi. Ulitakiwa uniambie." Alikuwa na haki. Tulikaa siku nzima tukibandua stika kwa mashine ya kukaushia nywele, na tulipomaliza tukakuta jua limeshapausha rangi pembeni, namba bado inasomeka kama kivuli. Ikabidi mlango wote upigwe rangi upya.

Tangu hapo nimesoma kesi hizi moja baada ya nyingine na kukaa na mawakili wawili watatu. Haya yafuatayo ndiyo ninayomweleza mteja sasa kabla sijagusa bati. Hayachukui nafasi ya wakili, ila yatakufikisha kwake ukijua unachokwenda kuuliza.

Hatua ya kwanza: andika gari ni la kazi gani

Chukua karatasi uandike sentensi moja: gari hili ni la kukaa nyumbani kwangu, au la kukodisha, au la kuuza, au nitatengeneza mengi ya namna hii. Ionekane ndogo hivyo hivyo, sentensi hiyo ndiyo inayopima hatari yako. Sheria yetu ina nafasi ya matumizi binafsi, na mwenye haki aliye ng'ambo mara nyingi hana habari na mtu mmoja anayeosha gari lake Jumapili pale Sinza. Harusi ya kulipwa si matumizi binafsi. Video ya muziki yenye tangazo la bidhaa si matumizi binafsi. Na fundi anayetengeneza la tatu na la nne kwa picha ileile ameshaingia kwenye biashara ya nakala, hata kama kila mteja anaamini la kwake ni la peke yake.

Hatua ya pili: jua gari lina wenyewe wangapi

Gari la filamu lina wenyewe zaidi ya mmoja. Yupo aliyelitengeneza kiwandani, mwenye umbo la boneti, grili na nembo ya mbele. Yupo aliyelifanya mhusika wa hadithi, yaani studio au mchapishaji wa katuni. Yupo mwenye jina lililosajiliwa. Yupo mchoraji wa ile michoro ya ubavuni. Mara nyingi hawa ni watu tofauti, na kila mmoja anaweza kukudai kivyake.

Mfano unaoeleweka haraka ni DeLorean. Gari lile la chuma kisichoshika kutu, lenye milango ya kufunguka kwenda juu, lilianza kutengenezwa karibu na Belfast mwaka 1981. Kampuni haikudumu, lakini mwaka 1985 filamu ya Back to the Future ililipa gari uhai mwingine. Mwaka 1989 John DeLorean, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alisaini mkataba na Universal, studio ya filamu ile, wa kulipwa asilimia 5 ya mapato halisi ya bidhaa zinazotumia sura ya gari hilo. Alifariki mwaka 2005. Mjane wake na kampuni ya Texas inayofanya biashara kwa jina la DeLorean wakafikishana mahakamani, wakapatana mwaka 2015. Mwaka 2018 mjane akarudi mahakamani kudai fedha za ule mkataba wa Universal, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba haki hiyo alishaiachia kwenye mapatano. Sasa jiulize: gari moja lina mjane, kampuni ya Texas na studio, wote wanavutana. Wewe fundi wa Tegeta ukitaka ruhusa ungemwandikia nani? Jibu ni kwamba huenda ungehitaji saini zaidi ya moja.

Hapa kwetu haki hizi zinakaa kwenye sheria mbili. Hakimiliki iko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Majina na nembo ziko chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma Na. 12 ya mwaka 1986, na daftari lake linatunzwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Hii ni Tanzania Bara. Ukivuka na gari lako kwenda harusini Unguja, Zanzibar ina sheria zake na daftari lake la alama liko BPRA, wakala wa usajili wa huko.

Kuna tofauti kati ya hizo mbili ambayo nataka uishike vizuri. Hakimiliki huvuka bahari yenyewe. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, Marekani tangu mwaka 1989, kwa hiyo mchoro uliobuniwa California unalindwa Kinondoni bila mwenyewe kujaza fomu yoyote. Alama ya biashara haisafiri hivyo. Kwa kawaida inalindwa pale iliposajiliwa, na usajili wa Marekani peke yake hauingii kwenye daftari la BRELA. Lakini usishangilie mapema: alama zinazojulikana sana duniani zina ulinzi hata bila usajili, na mtu anaweza kukushtaki kwa kujipitisha kama yeye mbele ya wateja.

Hatua ya tatu: uliza kama gari lenyewe ni mhusika

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa nitakaa kidogo.

Mark Towle alikuwa na gereji California aliyoiita Gotham Garage. Alitengeneza nakala za Batmobile, gari la Batman, za aina mbili, ya tamthilia ya mwaka 1966 na ya filamu ya mwaka 1989, akawa anaziuza kwa takribani dola 90,000 kila moja. DC Comics, wachapishaji wa katuni za Batman, wakamshtaki. Utetezi wake ulikuwa na akili: mimi sikunakili katuni, nimenakili gari la kwenye tamthilia, na gari hilo lilijengwa na George Barris juu ya gari la maonyesho la Lincoln Futura la mwaka 1955, si na DC. Tena gari ni chombo cha kutumika, na chombo cha kutumika hakina hakimiliki.

Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ya mzunguko wa tisa, ile inayohudumia California, ilimkatalia. Ilisema Batmobile ni mhusika, kama Batman mwenyewe alivyo mhusika. DC walipotoa leseni ya tamthilia mwaka 1965 hawakumgawia mtu mhusika wao. Kwa hiyo anayenakili gari la tamthilia ananakili kile kilichomo ndani yake kutoka kwenye katuni. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa yake, na mambo yakaishia hapo.

Mahakama ile iliacha maswali matatu, nami nimeyaandika kwa chaki ukutani gerejini. Je, kitu hicho kina umbo na pia kina hulka, si umbo tupu? Je, kila kinapotokea unakitambua kuwa ni kilekile, chenye tabia na sifa zilezile? Je, kina upekee ambao huwezi kuuita wa kawaida? Batmobile ilipita yote matatu. Tangu ilipoanza kuonekana katunini mwaka 1941 imebadilishwa bodi mara nyingi, lakini imebaki gari lenye sura ya popo, lenye silaha na mitambo ambayo hakuna gari la mtaani linayo, na linamsaidia Batman kupigana kama askari wake.

Sasa mchukue Eleanor, ile Ford Mustang ya filamu za Gone in 60 Seconds. Katika filamu ya mwaka 1974 ilikuwa ya njano, katika ile ya mwaka 2000 ikawa Shelby GT500 ya kijivu yenye mistari myeusi, na kuna mahali inaonekana imechakaa, ina kutu na haina rangi. Mjane wa mtengenezaji wa filamu ya kwanza alishindana kwa miaka mingi na upande wa Carroll Shelby, mwenye jina la hizo Mustang za Shelby, kuhusu magari yanayofanana nayo. Mei 2025 mahakama ileile ya mzunguko wa tisa, ikitumia maswali yaleyale matatu, iliamua kwamba Eleanor si mhusika. Haina hulka, haina sura inayodumu, na haina upekee wa kuitofautisha na gari jingine la kifahari la filamu za wizi wa magari. Imeanguka kwenye yote.

Hukumu hizi za Marekani hazimfungi jaji wa Dar es Salaam. Lakini wakili wa upande wa pili atazileta, na jaji anaweza kuziona zina mashiko, kwa hiyo pima gari la mteja wako kwa maswali hayo. Linaongea? Lina akili yake? Lina jukumu kwenye hadithi ambalo gari jingine haliwezi kulibeba? Basi kaa mbali nalo bila ruhusa. Ni gari ambalo mwigizaji analiendesha tu kutoka hapa kwenda pale? Una nafasi zaidi.

Nafasi hiyo nayo ina mtego, na nauona kila wiki. Vijana wengi hapa mjini wanapenda ile Toyota Supra ya rangi ya chungwa ya filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001, na wanaleta Altezza au Mark II wakitaka zipakwe vile. Kwa maoni yangu Supra ile iko karibu na Eleanor kuliko Batmobile: ni gari la mhusika, lenyewe si mhusika. Rangi ya chungwa haina mwenyewe kwenye gari la mtaani. Lakini ule mchoro mkubwa wa ubavuni ni kazi ya sanaa peke yake. Umechorwa na mtu, na ukiuchapisha kwenye stika umenakili mchoro wa mtu, gari liwe mhusika au lisiwe. Mwambie mteja: rangi nitakupa, mchoro tutachora wetu.

Jambo jingine: usidanganywe na hesabu ya miaka. Utasikia mtu anasema filamu inalindwa miaka 50 tu, kwa hiyo tamthilia ya mwaka 1966 ni mali ya umma. Ni kweli sheria yetu inazipa kazi za picha jongefu miaka 50. Lakini kazi ya msanii mmoja mmoja, mchoraji wa katuni akiwamo, inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mkanda unaweza kuisha muda na mhusika aliyetoka katunini akabaki analindwa. Hesabu hiyo mwachie wakili aifanye kwa maandishi.

Hatua ya nne: tafuta kwenye daftari

Hii ni kazi ya jioni moja. Ingia kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, au peleka ombi la upekuzi, utafute jina la gari, jina la filamu na jina unalotaka kulipa biashara yako. Usitafute daraja moja tu la bidhaa au huduma. Magari yako daraja la 12, vinyago vya kuchezea la 28, ukarabati wa magari la 37, usafiri na ukodishaji magari la 39, burudani la 41. Studio huenda haijasajili jina lake kwenye magari lakini imelisajili kwenye burudani na vinyago, na wewe unapeleka gari kwenye sherehe za watoto.

Ukimaliza BRELA, angalia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lenye makao Harare, kwa sababu Tanzania imo kwenye Itifaki ya Banjul, mkataba wake wa alama za biashara, na alama inaweza kuombewa ulinzi hapa kwa kupitia Harare. Kisha pitia hifadhidata ya alama ya WIPO, shirika la miliki bunifu la dunia, ambayo ni bure. Piga picha za skrini zenye tarehe. Siku ukiulizwa ulifanya juhudi gani, hizo ndizo juhudi zako.

Hatua ya tano: safisha jina na tangazo

Ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii. Faiba yako iko gerejini na wanaoiona ni wachache. Maneno yako yako mtandaoni na yanaonekana na dunia nzima, na ndiyo yanayotafutwa na wenye alama. Bati halijitangazi, ni wewe unayelitangaza.

Rudi kwa Towle. Katika dai la alama ya biashara alijitetea kwamba DC walikaa kimya muda mrefu huku wanajua anachofanya, hivyo wamechelewa. Kwa kawaida utetezi wa kuchelewa unaweza kumsaidia mtu. Yeye haukumsaidia, kwa sababu alitumia jina la Batmobile na nembo za Batman kwa makusudi, hata anwani ya tovuti yake ilikuwa na neno hilo. Mahakama ilisema aliyekosea kwa kukusudia hawezi kujificha nyuma ya ucheleweshaji wa mwenzake. Jina lilimfungia mlango ambao faiba pengine ingemwachia wazi.

Kubadili kidogo nako hakutoshi. Miaka ya 1980 kampuni ya Gay Toys ilitengeneza gari la kuchezea linalofanana na Dodge ya rangi ya chungwa ya The Dukes of Hazzard. La tamthilia lilikuwa na 01 mlangoni, wao wakaweka 10. Warner Bros. waliwashtaki na wakashinda, kwa sababu watu waliliona wakadhani ni lilelile. Na usitegemee kumwambia mnunuzi "hili ni kopi." Mwaka 1991 mahakama nyingine ya rufaa ya Marekani ilimhukumu mtengenezaji wa nakala za Ferrari japokuwa wanunuzi wake walijua wazi wananunua nini. Hoja ilikuwa mtu wa barabarani: mfano wa hapa Dar, yule aliyesimama kituo cha daladala cha Morocco, gari linapita, anaamini ameona Ferrari. Mkanganyiko wake nao unahesabiwa.

Kwa hiyo chukua tangazo lako ulisome kama wakili wa studio anavyolisoma. Hili hapa ni la aina niliyoikuta kwa mteja mmoja:

"Batmobile ORIJINO sasa Dar! Tunakodisha kwa harusi na besdei. Karibu Gotham ya Bongo!"

Humo mna jina la mhusika, uongo wa neno "orijino", na jina la mji wa katuni limegeuzwa jina la biashara. Tulilibadilisha likawa hivi:

"Gari jeusi la maonyesho lenye mabawa, limetengenezwa kwa mikono na mafundi wa Tegeta. Harusi, send-off, video za muziki. Piga simu uje ulione."

Wateja hawakupungua, picha inaongea yenyewe. Tulifuta pia alama za reli (hashtagi) zenye jina la filamu, wimbo wa filamu kwenye video fupi, na bango la filamu lililokuwa nyuma ya gari kwenye picha. Lakini lielewe hili: tangazo safi haliisafishi bodi iliyonakiliwa. Linakutoa kwenye kesi moja tu kati ya mbili.

Hatua ya sita: omba ruhusa, au buni la kwako

Ruhusa ipo. Pale jimbo la Indiana kuna karakana inayotengeneza nakala za Batmobile ya mwaka 1966 kwa leseni ya DC, na inazitangaza mchana kweupe. Kwa fundi wa Dar njia hiyo ni ndefu, lakini barua haina gharama. Iandike kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, uielekeze kwenye idara ya leseni ya studio. Sema wewe ni nani, gari gani, magari mangapi, litatumika Tanzania peke yake, kwa muda gani, na utalipa kwa asilimia ya mapato au kwa mkupuo. Usiambatanishe picha za gari ambalo umeshalitengeneza, maana hapo utakuwa umeomba ruhusa huku umejiandikia ushahidi. Wasipojibu, hujaruhusiwa. Wakikujibu kwa barua pepe ya mfanyakazi wa huduma kwa wateja kwamba "hamna shida", hiyo si leseni.

Njia ninayoipenda mimi ni ya pili. Mteja wa harusi mara nyingi hataki Batmobile, anataka watu wageuke shingo. Mwaka jana mteja alikuja na picha ya gari jeusi la filamu, nikamwomba wiki moja. Tulikwenda ufukweni Kunduchi kuangalia ngalawa na majahazi. Mapezi ya nyuma tukayapa mkunjo wa tanga lililojaa upepo, pua ya gari ikafuata omo la jahazi, na taa za mbele tukazizungushia lile duara la jicho linalowekwa kwenye omo. Tulikata maboksi kwanza, tukayabandika kwenye Crown ya zamani, tukarudi nyuma hatua kumi tukaangalia, tukakata tena. Siku ya nne mteja akasimama akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hili sasa ni langu."

Ukifika hapo, linda ulichobuni. Hakimiliki inaanza mara unapochora, lakini peleka michoro COSOTA ukaisajili ili uwe na ushahidi, na hifadhi picha za kila hatua na tarehe zake. Jina la gari au la biashara lisajili BRELA, daraja la 39 kama unakodisha, na la 12 kama unauza magari yenyewe. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, halafu unahuishwa kila miaka 10. Ombi lako litatangazwa kwanza na wengine watakuwa na siku 60 za kupinga, kwa hiyo usichapishe stika elfu moja kabla siku hizo hazijaisha.

Hatua ya saba: mkataba wa fundi na mteja

Karatasi moja inatosha, ila iwepo. Lazima ijibu: nani ameleta mchoro, nani ana haki ya michoro mipya tutakayochora, fundi anaruhusiwa kutengeneza jingine kama hili au haruhusiwi, na nani atabeba gharama akitokea mwenye haki. Mimi natumia maneno haya:

"Mteja anathibitisha kwamba picha na michoro aliyoileta ana haki ya kuitumia, na endapo mtu mwingine atadai, mteja atabeba gharama. Fundi anathibitisha kwamba michoro aliyoichora ni yake mwenyewe na hakuinakili. Fundi hataweka jina wala nembo ya filamu au ya kiwanda kingine kwenye gari hili."

Tunasaini wote na shahidi mmoja. Kifungu cha kwanza hakimzuii mwenye haki kukushtaki wewe fundi, kwa sababu mikono iliyonakili ni yako. Kinakupa tu pa kudai ukishalipa. Kuna mafundi wanadhani kikishasainiwa wao wametoka, nami nawaambia hawajatoka.

Hatua ya nane: TRA, trafiki na bandari

Haya ni ya haraka. Rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukiibadili peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Kama umebadili bodi au injini, vivyo hivyo. Namba za filamu zisikae mahali pa namba za usajili, hata kwa dakika tano za kupiga picha barabarani. Vimulimuli na ving'ora vya filamu viwe vya kuzimwa na kufunikwa gari likiwa barabarani. Mwenye bima kubwa aijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, la sivyo utalipwa thamani ya Crown ya zamani, au usilipwe kabisa.

Ukiagiza nembo, stika au bodi ya faiba kutoka nje, kumbuka Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa na hukagua mizigo bandarini kutafuta bidhaa bandia. Nembo ya kiwanda isiyo na leseni ni bidhaa bandia hata kama unaipeleka kwenye gari moja tu. Mzigo mzima unaweza kuzuiliwa kwa sababu ya boksi moja.

Hatua ya tisa: barua ikija

Barua ya madai huja kwa barua pepe, kwa wakili wa hapa mjini, au kwa njia ya tangazo lako kushushwa. Isome mara mbili uandike pembeni mambo matatu: wanadai hakimiliki au alama ya biashara, wanadai kwa usajili gani wa Tanzania, na siku ya mwisho ya kujibu ni lini. Kama dai ni la alama na hawakutaja usajili wowote wa hapa, mweleze wakili wako, ni swali lenye uzito. Kama ni la hakimiliki, swali hilo halikusaidii.

Siku hiyohiyo simamisha matangazo na usikodishe gari hadi upate ushauri. Usifute picha na mazungumzo ya simu, yaondoe hadharani lakini nakala zibaki kwako, maana kuharibu ushahidi ni kosa jipya juu ya la zamani. Usijibu kwa hasira, na usijibu kwa "samahani bosi, sikujua", kwa kuwa maneno hayo yatasomwa mahakamani kama kukiri. Jibu la kwanza liwe fupi: barua imepokelewa, ninatafuta ushauri, nitajibu kabla ya tarehe fulani. Halafu uende kwa wakili anayefanya kazi za miliki bunifu. Kesi ya alama iliyosajiliwa inakwenda Mahakama Kuu, na huko si pa kwenda na wakili wa kesi za viwanja.

Mara nyingi anayedai anataka mambo madogo kuliko unavyoogopa: uache, ubandue, ubadili, na usaini kwamba hutarudia. Mwambie wakili wako aombe muda wa kubadili bodi badala ya kuliharibu gari, na aombe mapatano yamguse fundi na mteja kwa pamoja, ili mmoja asiachiwe mzigo wakati mwenzake ameshasamehewa. Ukisaini, soma kifungu cha haki unazoachia neno kwa neno. Mjane wa DeLorean alirudi mahakamani akakuta alishaachia kile alichokuja kudai.

Nakala ya mapatano iweke kwenye faili moja na kadi ya gari, mkataba wa mteja na zile picha za skrini za BRELA. Ukiliuza gari, faili linaondoka nalo, na wewe unabaki na nakala.